Ilijengwa na Nani?

Binti yangu yuko Gredi ya Tano. Jumatano moja mwezi uliopita alirudi nyumbani na karatasi ya kazi: chora nembo ya taifa, kisha ueleze maana ya kila kilichomo. Kuchora alimaliza kabla sijavua viatu. Simba wawili, ngao, mikuki, mlima, mimea, neno Harambee chini kabisa. Halafu akakwama.

"Baba, mbona kuku ameshika shoka?"

"Huyo si kuku. Ni jogoo."

"Haya, jogoo. Kwani jogoo hukata kuni?"

Karatasi ya darasani ilikuwa na jibu tayari. Jogoo ni alfajiri mpya, shoka ni bidii ya kazi. Tukaingia mtandaoni kutafuta zaidi, na maelezo mengi tuliyoyapata yalikubaliana na karatasi. Mengine yaliongeza sentensi moja mwishoni: kwamba jogoo alikuwa pia alama ya KANU, chama kilichoiongoza nchi kupata uhuru. Nukta. Hapo mstari umeisha, twende kwenye simba.

Binti yangu akaenda kwenye simba. Mimi nikabaki pale kwenye nukta.

Nilisoma shule ya msingi Kisauni miaka ya themanini. Jogoo yule nilimjua kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Alikuwa kwenye kadi ya chama ambayo baba aliiweka kwenye mfuko wa shati, maana hujui nani atakuuliza. Tulikunywa maziwa ya Nyayo, tukala kiapo cha uaminifu asubuhi, tukainua kidole kimoja, chama kimoja. Tangu 1982 mpaka 1991 katiba yenyewe ilisema chama ni hicho tu. Ukipenda kusema jogoo ni alfajiri, sawa, lakini kwa miaka ile tisa palikuwa na jogoo mmoja tu aliyeruhusiwa kuwika, na waliojaribu kuwika naye wengine walilala ndani.

"Andika yote mawili," nikamwambia. "Andika alfajiri, halafu uandike KANU, na useme ilifanya nini baadaye."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu atanikosesha."

Nimekuwa nikihakiki vitabu kwa miaka mingi. Riwaya, diwani, tamthilia, hadithi fupi. Lakini usiku ule nilitambua kwamba kuna mwandishi mmoja sijawahi kumhakiki, na ndiye mwenye wasomaji wengi kuliko wote nchini. Hana jina kwenye jalada. Kazi zake ziko kwenye vibao vya mawe, vipeperushi, kurasa za wizara, paneli za makumbusho, vitabu vya darasa la tano. Humlipii senti, na mara nyingi hukumchagua kumsoma: unamsoma ukiwa mtoto, ukiwa mgeni, ukiwa unasubiri basi chini ya sanamu. Mwandishi huyo ni serikali. Na kama ni mwandishi, basi tumsome kama mwandishi.

Jambo la kwanza utakaloliona kwenye nathari yake ni kwamba anapenda sana kauli ya kutendwa. Ilijengwa. Ilizinduliwa. Alinyongwa. Alizuiliwa. Ilipigwa marufuku. Kiswahili kina adabu katika kauli hii: ukishasema "ilijengwa", msikilizaji anangoja "na". Ilijengwa na nani? Mtoto wa miaka mitatu atakuuliza. Ukimwambia kikombe kimevunjwa, swali lake la kwanza ni nani kakivunja. Ndiyo maana sisi wazazi waongo tunasema kimevunjika, eti kikombe chenyewe kiliamua.

Mwandishi wetu anaijua hila hii vizuri. Akibanwa kwenye kutendwa, anaruka kwenye kutendeka. Machafuko yalizuka. Maisha yalipotea. Makosa yalifanyika. Katika sentensi hizi historia ni kama mvua ya masika, inanyesha tu, wala hakuna aliyefungua bomba.

Hebu tumsome kwenye kazi yake mashuhuri zaidi hapa Pwani, Ngome ya Yesu. Kisa chake kinasimuliwa kwa mpangilio mmoja popote utakapokikuta. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa amri ya Mfalme Philip aliyetawala Uhispania na Ureno pamoja. Mchoro ulikuwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Waomani waliizingira mwaka 1696, na baada ya karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi wakaichukua, Desemba 1698. Waingereza wakaigeuza jela mwaka 1895, ikabaki jela hadi 1958. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya turathi za dunia.

Hakuna uongo hapo. Kila tarehe iko sawa. Lakini pima uzito wa sentensi. Mchoraji ana jina na ana nchi. Mfalme ana jina. Waliokata matumbawe na kubeba mawe hawana jina wala idadi. Na ile jela ya miaka sitini na tatu, muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaosoma makala haya, imepata nusu ya sentensi: "ikageuzwa jela". Jela ya nani? Nani alilala humo?

Mmoja wao alikuwa babu yangu, baba yake mama. Alifungwa miezi minne kwa ajili ya kodi. Hakuwa shujaa, hakuwa mwanachama wa chochote. Alikuwa mkata nazi aliyekosa pesa, na serikali ya wakati ule haikuwa na subira na mtu aliyekosa pesa. Nyanya alikuwa akisimulia jinsi alivyokuwa akitembea kutoka upande wa pili wa maji akiwa na kikapu, anafika langoni, anaambiwa leo hakuna kuonana, anarudi na chakula chake. Baada ya kutoka, babu hakuwahi kuipita ngome ile kwa karibu. Tukiwa na shughuli Mji wa Kale, alituzungusha kwa vichochoro. Sisi watoto tulidhani anapenda vichochoro.

Nilipoingia humo kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima. Nilizunguka ukutani, nikaona mizinga, nikaona vyombo vya udongo na mabaki ya meli ya Kireno, nikasoma kila maandishi niliyoyaona. Nilikuwa natafuta babu. Nilijua sitampata kwa jina, si mwendawazimu mimi, lakini nilitaka nikute sentensi moja ambayo angeweza kukaa ndani yake. Sentensi yenye mkata nazi, yenye kodi, yenye mwanamke langoni na kikapu. Sikuipata siku hiyo.

Niliyempata ni kijana mwongozaji, alikuwa na kundi la watalii karibu yangu. Alipomaliza nao nikamwambia, "Babu yangu alifungwa hapa." Akaacha kila kitu. "Kweli, mzee wangu? Mwaka gani? Alikuwa mtu wa wapi?" Akataka kujua kila kitu, hata rangi ya kikapu. Nilipokuwa nikitoka nikamsikia akiwaambia watu wa kundi jipya kwamba hii haikuwa ngome ya vita tu, kuna familia za hapa hapa mjini ambazo wazee wao walifungwa humu kwa sababu ya kodi. Kijana yule alifanya kwa dakika tano kazi ambayo maandishi hayakuwa yameifanya. Alimrudisha mtenda kwenye sentensi, na mtendwa pia.

Sifa ya pili ya mwandishi wetu ni mapenzi yake kwa kamusi. Kwake alama ni neno upande wa kushoto na maana upande wa kulia. Bendera: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani, ngao na mikuki ni ulinzi. Sote tulikariri hivyo na sote tulipata maksi. Lakini hakuna alama duniani iliyozaliwa hivyo, watu wakikaa chini na kamusi. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za bendera ya KANU kabla hazijawa za nchi. Nyeupe iliongezwa, na wako wanaosema iliongezwa ili wale wa KADU, chama cha pili wakati ule, nao wajione ndani. Kwa hiyo kabla ya kuwa amani ya mashairi, ule mstari mwembamba mweupe ulikuwa suala la siasa: nani atajiona kwenye kitambaa hiki, nani hatajiona. KADU walitaka majimbo, wakayapata kwenye katiba ya 1963, na kufikia mwisho wa 1964 chama chenyewe kilikuwa kimejivunja na kuingia KANU. Mjadala ule ulirudi kwa jina la ugatuzi mwaka 2010. Sasa niambie, mstari mweupe wenye kisa hiki na mstari mweupe ulioandikwa "amani", upi una maana zaidi? Upi mtoto ataukumbuka?

Rudi kwenye nembo, tazama chini, pale penye mlima. Kuna kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Maelezo husema ni mazao ya nchi yetu. Ni kweli. Ila kahawa hiyo ndiyo Waafrika wengi walizuiwa kuilima kwa muda mrefu wa ukoloni, ili isishindane na ya walowezi na ili vibarua wasipungue mashambani. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati vita vya Mau Mau vimeshapamba moto. Kwa hiyo kijitawi cha kahawa kwenye nembo kina ushindi ndani yake. Mtu aliyekatazwa mmea fulani akija kuuchora kwenye muhuri wa nchi yake, hiyo si orodha ya mazao. Mwandishi wetu alikuwa na hadithi nzuri mkononi, akaisoma kama bei za sokoni.

Na wimbo wa taifa je? Hapa ndipo huwa naumia kidogo. Kila anayeusimulia husema, kwa fahari, kwamba mahadhi yake yametoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Halafu yanafuata majina ya watu watano wa tume ya 1963: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walifanya kazi nzuri, na majina yao yastahili kukaa pale. Lakini soma tena. Watu watano wana majina. Upande mwingine wa sentensi kuna kabila zima. Wanawake waliouimba wimbo ule vizazi kwa vizazi kando ya Mto Tana, gizani, mtoto akikataa kulala, wameitwa "Wapokomo". Mtu mwenye kalamu akiingia kwenye sentensi, anaingia na jina lake. Mama akiingia, anaingia kama jamii.

Tunausimamia wimbo ule viwanjani mkono umewekwa kifuani, na mara nyingi watu wa Tana tunawasikia redioni msimu wa mafuriko tu. Sisemi wimbo ungezuia mafuriko. Nasema ukimkopa mtu mahadhi ya kulaza mtoto wake, walau mwulize mtoto aliamkaje.

Sasa tufike Nairobi, ambako mwandishi huyu ana kazi nyingi zaidi na ambako ukimya wake una gharama kubwa zaidi.

Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe Kamiti. Ni sanamu nzuri, mtu amesimama na bunduki na kisu, anaangalia mbali. "Alinyongwa na wakoloni": hapa, kwa mara moja, mtenda ametajwa, kwa sababu mtenda ni mgeni. Na hii ndiyo kanuni niliyoigundua baada ya kusoma sana maandishi haya: "na" hupatikana kirahisi mkosaji akiwa ametoka nje. Kwa maana kuna sentensi nyingine kuhusu Kimathi, nayo huja bila mtenda: Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku hadi 2003. Ilibaki. Marufuku ile iliwekwa na Waingereza mwaka 1950. Waingereza wakaondoka mwaka 1963. Kwa miaka arobaini iliyofuata, nani aliiacha pale? Si Mwingereza. Ni serikali ya Kenyatta, halafu ya Moi, serikali zetu, zilizokuwa zikiimba damu iliyomwagika kila sikukuu huku sheria ikisema waliomwaga damu hiyo ni chama haramu. Kimathi mwenyewe alizikwa bila alama. Mjane wake alizeeka akiomba mifupa. Kwenye kauli ya kutendwa, miaka hiyo arobaini haina mwenyewe.

Linganisha na mnara wa Mau Mau pale Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015. Ulilipiwa na serikali ya Uingereza baada ya mapatano ya 2013, yale ambayo wazee 5,228 walilipwa jumla ya pauni milioni 19.9. London ilisema inasikitika kwamba mateso yale yalitendeka, huku ikiendelea kukataa kwamba inawajibika kisheria. Umeiona? Yalitendeka. Kumbe hila ile si yetu peke yetu, tuliirithi pamoja na jela.

Lakini nataka niseme wema pia, kwa sababu mnara ule una kitu ambacho maandishi ya serikali hayana. Kuna mwanamke anampa mpiganaji chakula, na hawatazamani. Kila mmoja anaangalia upande wake. Hawatazamani ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Nilipoelezwa hivyo nilikaa pale kwenye nyasi muda mrefu. Hapo ukimya una sababu: asiyetajwa hatajwi ili aishi. Nikamkumbuka nyanya na kikapu chake langoni, mwaka ambao hakuna aliyeuandika, mbele ya askari ambaye pia hakumtazama. Mchongaji aliweza kusema kwa shaba jambo ambalo aya nzima za vipeperushi zimeshindwa. Kwa hiyo si kweli kwamba sanaa ya umma lazima iwe butu.

Kisha kuna jengo lisilo na maandishi kabisa. Nyayo House, pembeni mwa barabara kuu, rangi yake ya udongo. Wakenya wengi tumeingia mle kutafuta pasipoti. Unapiga foleni, unaangalia simu, unasikia mtu akibishana kuhusu picha. Chini ya miguu yako kuna vyumba ambamo, miaka ya themanini na kuingia tisini, watu walivuliwa nguo, wakapigwa, wakasimamishwa ndani ya maji, ili wakiri kuwa wa Mwakenya. Mwaka 2003 milango ya chini ilifunguliwa, wananchi wakaona kwa macho yao. Mahakama zimewapa fidia baadhi ya waliopitia humo, na wao wenyewe wamedai kwa miaka mingi pageuzwe makumbusho. Mara ya mwisho nilipokwenda niliangalia kuta zote za ile sehemu ya foleni, nikaona maelekezo ya kujaza fomu. Jina la jengo limebaki lile lile.

Fasihi haikungoja kibali. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Miaka mitatu ya jela ikatupa *Sauti ya Dhiki*, mashairi yaliyoandikwa kwenye karatasi za chooni kwa siri. Diwani ikatoka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Siku moja ningependa kuona sentensi hiyo kwenye ukuta wa umma, bila kupunguzwa: alifungwa na serikali ya nani, akapewa tuzo yenye jina la nani. Watoto wangeisoma wakacheka, kisha wakanyamaza. Hicho ndicho turathi hufanya ikiandikwa vizuri.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kibao kina maneno themanini, hakiwezi kuwa tasnifu. Kweli. Nitaambiwa bajeti ya makumbusho ni ndogo na watu wake wanafanya kazi kubwa: wanalinda kaya za Wamijikenda, wanafuatilia vigango vilivyoibiwa na kuuzwa Marekani, wanazuia magofu yasiliwe na bahari na matapeli wa ardhi. Kweli kabisa, na ninawavulia kofia. Nitaambiwa pia, na hii ndiyo hoja nzito, kwamba nchi hii ilikaribia kuungua mwaka 2007 na 2008, na kwamba kuandika "na fulani" ukutani ni kuchokoza kidonda.

Hoja hiyo ya mwisho naiheshimu, lakini siikubali. Tulikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilizunguka nchi nzima, ikasikiliza watu wakitaja majina, na Mei 2013 ikamkabidhi rais ripoti ya mabuku kadhaa. Ripoti hiyo ilipendekeza, pamoja na mengine, kumbukumbu za umma kwa walioumizwa. Sehemu kubwa ya mapendekezo yake haijatekelezwa hadi leo. Kwa hiyo si kwamba hatukuulizwa ni nani. Tuliulizwa, tukajibu, jibu likawekwa kabatini. Kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa, mama yeyote atakwambia kinakwendaje.

Na sasa inanibidi niseme langu, maana si haki kumvua mwandishi mwenzangu nguo huku mimi nimejifunga shuka.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na ofisi fulani ya umma kutafsiri maandishi ya maonyesho madogo. Ofisi siitaji, wala mahali. Yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza kwanza, kama ilivyo kawaida, ingawa katiba inasema lugha ya taifa ni Kiswahili. Paneli moja ilihusu siku ambayo watu waliuawa. Kiingereza chake kilisema, kwa upole, maisha yalipotea. Nikaandika, "watu waliuawa". Siku mbili baadaye nikapigiwa simu.

"Mwalimu, hapa umesema waliuawa."

"Ndiyo."

"Msomaji si atauliza na nani?"

"Atauliza."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu mchovu ambaye pia ana watoto wa kulipia karo: "Mwalimu, tusaidiane."

Nikaandika maisha yalipotea. Nikalipwa shilingi elfu kumi na tano. Nilinunua gesi na sare ya shule. Mahali fulani katika nchi hii kuna ukuta wenye sentensi hiyo, ni Kiswahili safi, hakina kosa hata moja la kisarufi, na niliiandika mimi. Kama kuna mtu aliingia pale akimtafuta babu yake, alinikuta mimi mlangoni nikimwambia leo hakuna kuonana.

Ndiyo maana sitaki kumaliza kwa kulalamika tu. Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya mabilioni. Kwanza, kila penye kutendwa, pawe na "na". Kama mtenda hajulikani, iandikwe hajulikani, maana nayo ni habari. Pili, kila andiko liwe na jina la aliyeliandika na mwaka. Riwaya mbaya ina jina la mtu wa kulaumiwa, kwa nini ukuta wa taifa usiwe nalo? Mwandishi anayejua jina lake litakaa pale hatakubali kirahisi kusaidiana. Na tatu, iachwe nafasi ya "wengine wanasema". Wazee wetu walisimulia hivyo, hawakuona aibu kuwa na riwaya mbili za kisa kimoja. Yule kijana wa ngome tayari anafanya hivyo kwa mdomo kila siku. Mwandikeni anavyosema.

Binti yangu alirudisha kazi yake Ijumaa. Hatimaye alikuwa ameandika yote mawili, alfajiri kwa kalamu ya wino na KANU kwa penseli, ili ikibidi aifute. Jumatatu akanionyesha. Kwenye alfajiri palikuwa na tiki nyekundu. Kwenye KANU hapakuwa na tiki wala mkasi. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni, kwa mwandiko mdogo: "Umeyatoa wapi haya?"

"Nimjibu nini, Baba?"

Nikafikiria kumpa jina la kitabu. Ninavyo viwili vitatu kwenye rafu. Lakini swali lilikuwa zuri, la kwanza zuri nililoliona kwenye shughuli hii nzima, na lilistahili jibu lenye mtenda.

"Mwambie umeambiwa na baba yako," nikasema. "Mwambie alikuwepo, na alikuwa akiinua kidole."

Akaandika. Kwa wino.